Vijiko vya Radhi

Simu ya muuguzi Veneranda ililia tena juu ya meza, ndani ya mfuko wa nailoni wa vielelezo. Inspekta Recheli Kasanda aliinama akasoma jina kwenye kioo: Mke wa Dionis, Kigwa. Aliiacha ilie mpaka ikachoka.

"Mgonjwa wako?"

"Mume wake ndiye mgonjwa," alisema Veneranda. "Saratani imemwingia kwenye mifupa. Dawa ilimwishia jana. Ya kumpelekea imo kwenye mkoba wangu, na mkoba umo kabatini mwako."

"Mkoba ni kielelezo, sista."

"Mwambie yeye hivyo. Pokea hiyo simu umwambie mumewe aache kupiga kelele, mkoba ni kielelezo."

Koplo Festo, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, aliinua kichwa. Recheli hakukasirika. Mwanamke huyu alikuwa amelala mahabusu, amevuliwa viatu na saa. Kwa miaka mingi alikuwa amezunguka na pikipiki vijiji vya Uyui na Sikonge akiwapunguzia maumivu watu ambao hospitali imeshindwa kuwaponya. Wenyewe waliiita kazi hiyo tiba shufaa. Tangu jana, jalada la Recheli liliiita mauaji.

Bi Mwamvita, mjane wa Kwihara aliyeugua saratani ya kizazi, alifariki juzi alasiri. Alizikwa jana asubuhi, na kabla turubai la msiba halijashushwa kaka yake alifika kituoni na chupa tupu aliyoiviringisha kwenye leso. Kaka huyo ni Mustafa, mfanyabiashara aliyeingia kutoka Dar es Salaam siku ileile ya kifo. Muuguzi alimtembelea dada yangu asubuhi, alisema. Alasiri dada yangu akawa maiti, na hii hapa chupa ya morfini, iliyokuwa imejaa, haina hata tone. Alipoulizwa kama familia itakubali kaburi lifukuliwe, alisimama akasema dada yake hafukuliwi na mtu.

Kwa hiyo hapakuwa na mwili wa kuchunguza. Palikuwa na chupa, na majibu ya maabara hayaji kesho. Mkuu wa upelelezi alikuwa kikaoni Nzega. Akirudi leo jioni angetaka jina la kupeleka kwa mwendesha mashtaka, na kesi ya mauaji haina dhamana. Jina lililokuwepo lilikuwa moja tu.

"Tuanze tena," alisema Recheli. "Chupa uliiacha lini?"

"Jumapili. Imejaa. Ingemfikisha wiki ijayo."

"Nani alikuwa anampimia?"

"Najiat, binti yake. Nilimfundisha mwenyewe. Kijiko kidogo kwa saa zake, asiongeze bila kunipigia."

"Asubuhi ya kifo wewe ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu. Miguu ilishaanza kupoa, pumzi inakatika na kurudi. Nilimwambia Najiat tumefika. Dawa aendelee nayo kidogo kidogo, adondoshe shavuni. Zaidi ya hapo asipewe kitu cha kumeza, midomo iloweshwe kwa pamba tu."

"Uliiona chupa siku hiyo?"

Veneranda alisita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusita tangu wamkalishe pale.

"Hapana. Najiat alisema ameihifadhi."

"Hukuomba uione?"

"Nilipaswa. Sikuomba. Yule binti alikuwa amesimama kwa nguvu za Mungu tu, nikamwonea huruma."

Kalamu ya Festo iliyapata maneno hayo yote, na Recheli alijua mwendesha mashtaka angeyapigia mstari. Muuguzi anayebeba dawa kali kuliko zote wilayani, asiyeuliza chupa iko wapi. Huruma haiandikwi kwenye utetezi.

"Hiyo dawa ina ladha gani?"

"Chungu. Chungu sana."

"Na mgonjwa mwenyewe alikuwa na vidonda mdomoni."

"Alikuwa navyo. Mwanzoni alikuwa anaitema. Nikamwambia Najiat, akishameza mlambishe asali kidogo. Wiki hizi za mwisho hajatema tena. Nilidhani amezoea."

"Uchungu unazoeleka, sista?"

Veneranda alimtazama. "Mimi sijamwona aliyeuzoea," alisema.

*

Kwenye gari Recheli alimsomea Festo maelezo ya mlalamikaji. Barabara ya Kwihara ni ileile waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani na pembe zao za ndovu. Siku hizi wanaipita bodaboda na magunia ya mkaa, na gari la polisi likipita kila mtu anakumbuka kofia ngumu aliyoiacha nyumbani.

"Sikiliza hapa. 'Nilifika baada ya adhuhuri. Dada alifumbua macho akaniita jina langu, akanishika mkono.' Umesikia?"

"Nimesikia, afande. Alimtambua."

"Muuguzi aliondoka jua halijapanda vizuri. Kama angekuwa amemmiminia chupa nzima, mtu dhaifu vile angekuwa amelala usingizi usioamshika kabla ya adhuhuri. Huyu kaamka, kaita mtu jina. Hiyo dawa, kama ni dawa, iliingia mwilini baadaye."

"Basi ni binti."

"Au imeibwa. Au imemwagika, watu wanaogopa kusema. Usiniharakishie, Festo. Jana ulikuwa na uhakika ni muuguzi."

Wazo la wizi lilimzunguka Recheli kichwani njia nzima. Morfini ni dawa ambayo mtu wa mjini angeitafutia mnunuzi. Lakini mwizi huondoka na chupa. Hii iliachwa kwenye nyumba ya msiba, safi, imesuuzwa na kukaushwa, kama chupa inayosubiri kutiwa kitu kingine.

Uani kwa marehemu walikuwa wamebaki wanawake wachache wakiosha masufuria. Aliyeinuka kuwapokea ni jirani, Bi Doto, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha.

"Mwangaluka, mayu," Recheli alimsalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Kumbe wewe ni wetu!" Bi Doto alimpangusia kigoda kwa ncha ya kanga. "Nilidhani wametuletea polisi wa pwani."

"Mimi wa Ipole. Pole na msiba, mama. Nataka uniambie siku ile ya mwisho ilikwendaje, kuanzia muuguzi alipoondoka."

"Ilikwendaje tena? Mtu anakata roho, mwanangu, utamfungia nani mlango? Mtaa mzima ulikuja. Kila mmoja aliingia akaomba radhi yake, akamlambisha kijiko, akatoka kumpisha mwingine."

"Kijiko cha nini?"

"Asali. Si ilikuwa palepale kichwani pake, kwenye kopo."

"Muuguzi alisema asipewe kitu cha kumeza."

"Alimwambia Najiat. Najiat tulimkuta amelala chumba cha pili, amedondoka na nguo zake, tukasema mwacheni mtoto, hajapumzika huyu. Na hata angetuambia!" Bi Doto aliifunga kanga upya kiunoni kwa hasira. "Tumwache mwenzetu aende na koo kavu? Aende akatusemee huko kwamba tulimnyima hata asali? Hayo ya pamba ni ya hospitali. Sisi mtu hatumuagi hivyo."

"Kijiko gani mlitumia? Kile kidogo cha chai?"

"Cha kulia wali. Ndicho nilichokitoa jikoni."

"Na wewe ulimpa?"

Sauti ya Bi Doto ilishuka. "Nilimpa. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani tangu mwaka juzi, mambo ya mpaka wa shamba. Nikamwambia Mwamvita, lile limekwisha, nipe radhi yako. Akanibana kidole. Nilifurahi, mwanangu, nakwambia kweli, nilitoka mle ndani mwepesi." Alijifuta macho, kisha akakunja pua. "Nikalamba kilichobaki kijikoni, nikasema asali gani hii. Nyepesi, halafu chungu. Warinaji wa siku hizi wana haraka, wanarina haijakomaa."

Recheli aliacha kuandika.

"Nyepesi na chungu? Vyote viwili?"

"Vyote viwili. Kila aliyelamba alisema hivyo. Mwingine akasema ni maua ya mwaka huu."

Tabora nzima ni bingwa wa asali, na bingwa haulizi, anahukumu. Lakini Recheli alizaliwa kwenye nyumba ya mizinga. Baba yake alimwonjesha asali mbovu ili aijue nzuri. Asali iliyorinwa kabla ya kukomaa huwa nyepesi, ndiyo, na ikikaa inachacha. Chungu haiwi. Asali chungu nayo ipo, nyuki wakipata maua fulani, ila hiyo ni nzito kama nyingine yoyote. Nyepesi na chungu kwa pamoja hakuwahi kuionja, na hakumjua mtu aliyewahi. Kuna kitu cha maji kilikuwa kimetiwa mle, na kitu hicho ndicho kilikuwa kichungu.

"Nani alikaa naye kwa muda mrefu zaidi?"

"Kaka yake. Alipoingia alituomba tutoke sote. Tulimsikia akilia mpaka huku uani. Alipotoka ndipo tukaitwa, tukamkuta mwenzetu anakoroma. Hakuamka tena."

*

Najiat alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, chini ya dirisha. Kitanda cha mama yake kilikuwa kimeshatolewa godoro. Alikuwa msichana mkubwa, wa kuolewa, aliyekonda kwa uuguzi mpaka pete ilikuwa imefungwa uzi isidondoke kidoleni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Recheli, natoka polisi. Kopo la asali lililokuwa hapa kichwani pa mama liko wapi?"

Recheli alikaa chini, mkekani, akanyoosha miguu.

"Najiat. Kopo."

"Nimelificha."

"Kwa nini?"

"Watu wasile."

"Kwa nini wasile?"

Machozi yalimtoka kabla ya neno. Alijikokota mpaka kwenye sanduku la nguo, akachimba chini kabisa, akatoa kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu. Lilikuwa karibu tupu. Recheli alichovya ncha ya kidole, akaigusisha kwenye ulimi.

"Afande!" Festo alishtuka. "Hicho si kielelezo?"

Recheli alikwenda dirishani akatema, akasukutua maji. Utamu ulitangulia, ukafuatwa na uchungu uliokaa nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka. Alirudi akakaa palepale.

"Niambie."

"Mama alikuwa anaitema," alisema Najiat. "Analia, anatema. Sista alisema asali baada ya dawa, lakini akishatema ile ya kwanza, asali ya nini? Humu ndani dawa zote za mizizi tunazichanganya na asali, mtu analamba. Bibi alifanya hivyo, mama alifanya hivyo, watoto wangapi wa mtaa huu wamelambishwa hapa. Nikaimimina chupa yote kwenye kopo, na kila iliyofuata vilevile. Nikawa nampa vijiko viwili badala ya kimoja, kwa saa zilezile. Siku hiyohiyo akaacha kutema. Akalala, Inspekta. Mama yangu alilala kwa mara ya kwanza baada ya miezi."

"Na sista?"

"Alikuja akanisifu. Nikaogopa kumwambia kwamba nimefanya alichonikataza."

"Na juzi?"

"Aliponiambia tumefika, nilimpa mama kipimo chake, nikajilaza kidogo tu." Alijishika mdomo, akauachia. "Nilipoamka ameshafunikwa. Nikalitazama kopo. Nilikuwa nimeliacha limejaa mpaka hapa."

"Ukajua."

"Nikajua."

"Mjomba wako alipoondoka na chupa kwenda kumshtaki sista, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilitaka kusema, nikashindwa. Ningesema nini? Niwaambie watu wote wanaonipa pole kwamba ni wao waliomuua mama? Bi Doto? Mjomba? Na wa kwanza mimi?"

Recheli alimhurumia kwa moyo wote na wakati huohuo alimkasirikia, kwa sababu mwanamke asiye na kosa alikuwa amelala sakafuni kwa ajili ya kimya chake, na mwingine huko Kigwa alikuwa akimsikiliza mumewe akiteseka.

"Utasema mbele yangu, Koplo ataandika," alisema. "Baada ya hapo utakuwa umesema."

*

Mustafa alikuwa akiwasubiri kituoni, kanzu safi, miwani, simu mbili mkononi. Recheli alimkaribisha ofisini, kisha akaagiza Veneranda aletwe. Mustafa alipomwona aliinuka.

"Mimi sikai na huyu."

"Kaa, mzee wangu. Nina maswali machache, halafu nitakuambia nilichokiona. Ulipofika, dada yako alikuwa macho?"

"Nimeshaeleza. Alinitambua. Aliniita Mustafa."

"Alikuwa anaweza kumeza?"

"Vizuri kabisa. Huyu anasema mgonjwa hawezi kumeza, asipewe kitu. Uongo! Mimi nilimlisha kwa mkono huu."

"Ulimlisha nini?"

"Asali. Nilikuta wenzangu wanampa." Mustafa alivua miwani, na bila miwani uso wake ulizeeka. "Inspekta, dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alikufa mimi mdogo. Tangu alipoanza kuugua sikuja. Biashara, safari, kesho, keshokutwa. Nilikuwa natuma hela, nadhani nimekuja. Nilipomkuta pale, mifupa mitupu, niliwatoa watu wote nikapiga magoti. Kila kijiko namwambia Mwamvita nisamehe, naye anameza. Namwambia tena, anameza. Niliendelea mpaka akalala."

"Vilikuwa vingi?"

"Nilikuwa na mengi ya kuombea radhi."

Veneranda, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu aingie, alikiinua taratibu. Alilitazama kopo lenye mfuniko mwekundu ambalo Festo alikuwa ameliweka juu ya meza, kisha akamtazama Recheli. Alikuwa ameelewa kabla ya kuambiwa.

"Mungu wangu," alisema. "Najiat."

"Nini?" Mustafa aligeuka huku na huku. "Najiat kafanya nini?"

Recheli alimwambia. Hakuzungusha maneno, kwa sababu mtu wa umri ule anastahili kuambiwa moja kwa moja, na kwa sababu alijua akianza kulainisha hatamaliza. Alimweleza kuhusu dawa iliyotemwa, chupa iliyomiminwa, binti aliyelala, kijiko cha wali na foleni ya waombao radhi. Alipofika mwisho, huko nje askari alikuwa akimfokea mwenye bodaboda.

"Ilikuwa chungu," alisema Mustafa. "Kidole changu kilichovya, nikakilamba. Nikadhani ni machozi yangu." Alimgeukia Veneranda. "Ni mimi? Niambie wewe unayejua hii kazi. Ni mimi niliyemuua?"

Ingekuwa rahisi kumwambia hapana. Recheli alimwona muuguzi akilitafuta neno hilo na kuliacha.

"Sijui," alisema Veneranda. "Dada yako alikuwa anaondoka. Asubuhi ile niliagana naye, sikutegemea kumkuta kesho yake. Huenda mlimtoa mapema kidogo. Huenda hamkumtoa mapema hata kidogo. Hakuna atakayejua, mimi wala daktari. Nikuulize na mimi. Ulipokuwa unamlisha, alikunja uso?"

"Hapana."

"Alilalamika?"

"Hapana. Alilegea, akalala."

"Basi hakuumwa. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia, na silitii chumvi."

Mustafa alilia bila kujificha. Festo aliangalia karatasi zake. Recheli alimwacha amalize, akafungua kabati la vielelezo.

"Andika jina langu," alisema Mustafa. "Kwenye jalada. Mtoto muacheni."

"Jalada litasema ilivyokuwa, mzee wangu. Mwendesha mashtaka akitaka kumshtaki mtu kwa hili, itabidi aanze na kila aliyeshika kile kijiko, mtaa mzima wa Kwihara na wewe mbele yao. Sidhani kama atataka. Mkuu wangu atafoka, na nitamsikiliza akifoka." Alitoa mkoba wa ngozi nyeusi, viatu, saa, na ile simu katika mfuko wake. "Chupa na kopo vinabaki. Hivi vingine havihusiki. Sista, saini hapa."

Veneranda alisaini akiwa amesimama. Alifungua mkoba, akahesabu chupa zake kwa macho, akaufunga. Kisha akakaa kuvaa viatu. Mustafa alijikongoja mpaka mbele yake, na kwa muda ilionekana kama atapiga magoti tena, kama alivyopiga kando ya kile kitanda.

"Nimekulaza ndani," alisema. "Nimekuita muuaji mbele ya watu. Sista, niwie radhi. Nakuomba. Niwie radhi."

Veneranda alikaza kamba ya kiatu cha kwanza, akahamia cha pili. Uso wake ulikuwa bado na hasira ya usiku mzima wa sakafuni, wala hakuificha.

"Nitakusamehe, kaka Mustafa," alisema. "Lakini siyo leo. Leo nina mgonjwa."

Alitundika mkoba begani akaelekea mlangoni, na Mustafa akasogea kumpisha.